Nyumba Tuliyoichora Ziwani

Simu ya Ami Hamadi ilinikuta jikoni kwangu nikikata vitunguu, kwa hiyo mpaka leo sijui machozi yale yalianza kwa ajili ya nini. Hakuniambia moja kwa moja kwamba mkewe, Bi Rukia, amefariki. Watu wa Mombasa hawakupi habari namna hiyo, kama mtu anayetupa mzigo mlangoni akaondoka. Alianza na salamu, akaulizia baridi, akamuulizia mwanangu, akaulizia mgongo wangu, nami nikawa najibu njema, njema, huku roho imeshapanda juu, maana sauti yake ilikuwa imepooza. Kisha akasema, "Wakesho, mwenzangu ametangulia. Tumemzika jana baada ya alasiri." Nikakaa chini, pale pale sakafuni, na kisu mkononi. Nikawa nasikia feni ikizunguka kule kwao. Halafu akaniuliza kama ile GPS ya mashua ninayo bado. Nikamwambia ninayo, imo kwenye droo, sijui kama inawaka. "Itie betri," akasema. "Nataka unipeleke chumbani." Mtu mwingine angedhani mzee amechanganyikiwa na msiba. Mimi nilimwelewa vizuri mno, nikaenda kufungua droo.

Nilikutana nao mwaka wangu wa kwanza Toronto. Nilikuwa nasomea uuguzi, nina koti la kuazima, na nina hasira na kila mtu. Bi Rukia aliniokota dukani, mtaa wa Mount Dennis, nikigombana kwa simu na msichana wa Nairobi niliyekuwa nimepanga naye chumba. Alikuja akasimama mbele yangu, mwanamke mrefu mwenye mtandio wa manjano na chane la ndizi mbichi mkononi, akasubiri mpaka nikamaliza kutukana. "Mwanangu," akasema, "matusi yako ni ya Voi. Umekula?" Sikuwa nimekula. Jioni ile nilikula wali wa nazi ya mkebe kwenye meza yake, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimehamia chumba chao cha juu. Nyumba yenyewe ilikuwa nyembamba, imebanwa na nyumba ya jirani, treni ikipita sahani zinacheza kabatini. Lakini ukifungua mlango tu unapokewa na iliki na mafuta ya mahamri, na hapo unasahau kwamba nje kuna barafu. Nyumba ile ilikuwa na sheria zake. Mimi, mtoto wa milimani, nilikuwa nagonga mara moja naingia. Siku ya kwanza kufanya hivyo Bi Rukia alinirudisha nje. "Hodi ni tatu," akanifundisha. "Ukipiga tatu hujajibiwa, unarudi ulikotoka, wala usinune. Mwenye chumba ana haki ya kunyamaza." Nikarudi nje, nikapiga tatu, akaniitikia karibu kwa furaha kana kwamba ndiyo kwanza nafika.

Chumbani kwangu kulikuwa na tundu la sakafuni la kuleta joto, na tundu lile lilileta maneno pia. Nilikuwa nimelala kitandani na vitabu vyangu vya mishipa na mifupa, na kutoka jikoni yalikuwa yakipanda maongezi yao mazima mazima, pamoja na mvuke wa chai. Ndivyo nilivyojua kwamba Bi Rukia alikuja kwa mkataba. "Mwaka mmoja, Hamadi," nilimsikia akisema. "Nilikwambia nitakujaribia mwaka mmoja. Baridi nimeiona, theluji nimeiona, sasa hata kuzungumza na jirani mpaka nisubiri kiangazi." Ami Hamadi akamjibu kwa upole wake kwamba kiangazi kinakuja. "Kinakuja, na mwisho wake mimi naondoka. Wale watoto wangu wa chuo cha Kurani kule Mombasa nimewaachia mtu asiyejua hata kuwanyamazisha." Ami akavuta sanduku lake la zana. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtu mfupi, mpole, mwenye mikono mikubwa, na akizidiwa na jambo alikuwa anatengeneza kitu. Usiku ule alifungua kibaniko cha mkate ambacho hakikuwa kibovu. Nami kule juu nilikuwa naomba Mungu abadilishe moyo wa yule mama. Sikuwa nikiomba kwa ajili yao, nisidanganye. Nilikuwa naomba kwa ajili yangu, maana pale ndipo mahali pekee katika mji mzima ambapo mtu alikuwa akiniuliza kama nimekula.

Sasa, badala ya kumshawishi mkewe kwa maneno, Ami Hamadi akaenda akanunua mashua. Lo! Siku aliyosema, Bi Rukia alitua mwiko. "Mashua ya nini?" Ya kuvua, akasema, ya kupunga upepo, ya kuwa na kitu kiangazi. Ilikuwa mashua ndogo ya plastiki ngumu, yenye injini moja nyuma, aliyoinunua kwa mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akihamia kwa bintiye, na ilikuwa imefungwa kwenye gati upande wa mashariki wa bandari. Bi Rukia akaapa kwamba hataikanyaga. Bahari ilikuwa imemchukua kaka yake akiwa bado kijana, na alikwisha mwambia Ami hivyo kabla ya ndoa. Akanuna siku kadhaa, akanuna kwa bidii, akipika vizuri kuliko siku zote ili tujue kwamba hanuni kwa uvivu. Mwishowe akatoa sharti moja: "Sawa, nenda. Lakini nijue uko wapi. Si 'niko ziwani.' Ziwani si mahali. Nataka kila dakika nijue uko wapi." Ndipo Ami akanitazama mimi, msomi wa nyumba, akaenda kwenye gari, akarudi na ile GPS.

Kilikuwa kidude cha kijivu kinachochomolewa kwenye kishikio chake, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, na kioo chenye rangi ya majimaji. Kazi yake ni rahisi ukishaielewa. Ukiwa mahali unapotaka kupakumbuka, unabonyeza, na kinahifadhi pointi, yaani pale pale ulipo duniani. Unaipa jina. Siku nyingine ukilichagua jina lile, mshale unakuonyesha uelekee wapi. Mwenye mashua wa zamani alikuwa ameacha pointi zake, karibu zote ni namba tupu, na nyingine zilikuwa na alama ya fuvu la kichwa cha mtu. Bi Rukia alikuwa amevaa miwani yake, amekaa kati yetu mezani, akaziona. "Na haya mafuvu?" Ami akamweleza kwamba anadhani ni sehemu mbaya, mawe na kadhalika. "Mume wangu aende majini na mafuvu kumi mfukoni?" akasema. "Uchuro gani huu! Kwetu nyoka ukimtaja usiku unamwita ukuti, nyie mnabeba vifo mmeviandika kabisa." Akaniuliza vinafutwaje. Nikamwonyesha kitufe. Akavifuta mwenyewe, kimoja kimoja, akisema audhubillahi kwa kila fuvu, na Ami Hamadi akamwacha, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu anunue mashua mkewe kutabasamu.

Halafu yakaja majina. Kile kidude kilikuwa kinakubali herufi sita tu, basi. Tulikula sahani nzima ya mahamri tukibishana. Ami alitaka majina ya mitaa ya Mombasa, mimi nilitaka namba zilizopangwa vizuri, kwa mfano magharibi zianze na moja na mashariki na mbili, kama nilivyosoma kwenye kijitabu. Bi Rukia akatusikiliza wote wawili kisha akatupuuza. Akachukua kalamu, akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akachora nyumba. Nyumba ya kwao, si ile ya Mount Dennis. "Mtu akiwa nyumbani najua yuko wapi," akasema. "Nasikia hata akivua viatu. Basi hilo ziwa mnipangie liwe nyumba." Ami akasogeza kiti karibu na ile kalenda. Tukaanza. Pale kwenye maji matulivu mbele ya gati, watu wanapozungumza kutoka mashua hii hadi ile, tukapaita BARAZA. Ule upenyo wa kutokea bandarini kuingia ziwa kubwa ukawa MLANGO. Maji mapana ya nje, UKUMBI. Mahali penye samaki, JIKONI, ingawa Bi Rukia alisema samaki wa ziwa asiye na chumvi mwilini hastahili jiko. Na upande wa nyuma, kule mashariki, ng'ambo ya ule ulimi mrefu wa ardhi uliojengwa kwa vifusi vya majengo ya mji, tukapaita UWANI. Kila jina likaingia, herufi hazikuzidi, kana kwamba mafundi wa kile kidude waliwahi kukaa Kibokoni, mtaa wa kina Bi Rukia kule Mombasa. Kalenda ikabandikwa kwenye friji. Chumba cha kulala hakikuwepo. Nilipouliza, Bi Rukia alijibu, "Chumba changu kiko hapa juu. Huko majini mimi silali." Ami akainamisha kichwa, akajitia kutafuta bisibisi.

Mwanangu Mghanga, aliyezaliwa hapa na anayenielewa kila neno ila hujibu kwa Kiingereza, huwa ananiuliza nilikuwa na furaha lini. Watoto wana maswali. Huwa namwambia siku aliyozaliwa yeye, kumridhisha. Ukweli ni kwamba moyo wangu hukimbilia zile Jumamosi. Tulikuwa tunaondoka asubuhi na mahamri yamefungwa kwenye kanga, mbaazi kwenye chupa ya chai, mimi nikishika GPS na Ami usukani. Tukifika MLANGO, Ami anatoa simu anapiga nyumbani. "Hodi!" anasema. Namsikia Bi Rukia kwa mbali, na sauti ya sufuria nyuma yake: "Karibu! Uko wapi?" "Mlangoni." "Vua viatu." Na yule mtu mzima, mbele yangu, anavua viatu kwenye mashua. Tukifika JIKONI anapiga tena, hodi, karibu, umepata nini, sijapata kitu, basi usirudi. Walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka mingi na walikuwa wakichezeana namna ile, na mimi nimekaa mbele nimejifanya natazama ndege. Niliamini kwa moyo wote kwamba mwanamke anayecheka hivyo hawezi kuondoka.

Ukungu wa ziwa lile hauna adabu. Ulitukuta UWANI, asubuhi yenye jua kali, na kabla hatujakunja nyuzi mji wote ulikuwa umefutika. Ami hakuhangaika. "Chagua Mlango," akaniambia, nikachagua, mshale ukageuka ukatulia. Tukaufuata polepole. Sasa kitu ambacho hatukukijua, na ambacho yule Mzungu alikijua, ni kwamba mshale unakwenda moja kwa moja tu, hauna habari ya kilicho chini. Kwenye ncha ya ule ulimi, vifusi havikuishia ufukweni, vilikuwa vimeporomoka chini ya maji, zege na nondo zilizopinda. Na yale mafuvu yalikuwa yamepangwa hapo kwa upinde, kumwambia mtu azunguke kwa mbali. Nilisikia mkwaruzo, kisha kishindo, injini ikalia kwa ukali ikazima. Maji yakaanza kuja miguuni, baridi ya kuumiza meno. Ami akanifunga jaketi la kuelea vizuri zaidi, akaita msaada kwa redio. Simu mfukoni mwake ikaita. Bi Rukia alikuwa amesubiri hodi ya Mlangoni, hajaipata. "Uko chumba gani?" nilimsikia akiuliza. Ami Hamadi hakuwahi kumdanganya mkewe. Alitazama ule weupe pande zote, akasema, "Sijui, Rukia. Simo chumba chochote." Kisha chaji ya simu ikaisha.

Mashua ya uokoaji ilitupata kwa honi, tukavutwa hadi gatini, na mtu mmoja mwenye huruma akatupeleka mpaka Mount Dennis tumejifunika mablanketi. Bi Rukia alikuwa ameketi jikoni akiielekea ile kalenda, mtandio wake wa sala bado kichwani. Hakulia. Alitupa uji wa pilipili manga, akanikanda miguu kwa maji ya moto, akamkanda na mumewe. Kisha akatuamuru tulale. Mimi nilijua yameharibika. Nilijua atakunja nguo zake bila hata kungoja mwisho wa kiangazi, na nilikuwa tayari nimeshaanza kumkasirikia. Kesho yake akaniita mezani. "Yale mafuvu niliyoyafuta, yalikuwa pale?" Nikamwambia ndiyo. Akafumba macho. Alipoyafumbua akasema, "Hatari sitaiandika kwenye mashua ya mume wangu. Hilo msiniombe. Lakini yuko mtu ambaye mwanamume akimwona kwa mbali anashusha sauti, anapunguza mwendo na anapita kando kwa heshima." Ami, aliyekuwa amejikunyata pembeni na kikombe, akauliza ni nani. "Mkwe," akasema Bi Rukia. Ami akapaliwa na uji. Tulicheka jamani, tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. "Lakini mkwe hapewi jina na mtu asiyemjua," akaendelea. "Mashua ikitengemaa mnanipeleka."

Akaja kweli. Alivaa buibui, na juu yake jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, akaingia mashuani akiwa ameng'ang'ania shingo ya mumewe, anasoma dua kwa sauti. Tulimzungusha kwa mbali kwenye ile ncha, siku safi, maji meupe, unaziona nondo kule chini. Kila pahali alipoona giza la kifusi alinyoosha kidole, nami nikahifadhi: MKWE1, MKWE2, MKWE3. Alikuwa akisema shikamoo kwa kila mmoja. Nilidhani tumemaliza. Akamwambia Ami aendelee, atoke nje zaidi, kupita UKUMBI, kupita visiwa, mpaka mji ukabaki kama vikombe vilivyopangwa kabatini. "Zima," akasema. Ami akazima. Pakawa kimya, nilikuwa sijawahi kukisikia kimya kile tangu nije Kanada. Bi Rukia akachovya mkono majini, akajipaka usoni, kisha akamgusa Ami shavuni kwa mkono ule wa maji. "Hapa ndipo unapokuja peke yako ukiudhika?" akauliza. Ami akatikisa kichwa kukubali. "Ndipo." Bi Rukia akaniambia bila kunigeukia, "Andika, mwanangu. CHUMBA." Nikaandika, macho yamenijaa, maana niliona basi, ameshinda Ami, tumeshinda sote. Mtu haweki chumba mahali anapotaka kuondoka.

Ndivyo nilivyoamini, nikiwa na miaka ishirini na ushee na akili ya kuku. Majani yalipoanza kugeuka rangi, Bi Rukia alishusha sanduku. Nilimfuata kila chumba nikimbishia, nimesahau adabu zote. Nikamwambia alinidanganya. Akaacha kukunja kanga, akanikalisha kitandani. "Wakesho, kilichonizuia si kupapenda hapa," akasema. "Ni woga. Nilikuwa nikimwacha kwenye kitu nisichokijua, ningekwenda kulala vipi kule? Sasa napajua. Akisema yuko Jikoni namwona. Sasa naweza kwenda nikalala." Ile kazi yetu yote ya majina, kila herufi niliyoibonyeza nikiomba imbakishe, ndiyo iliyomfungulia mlango. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia na nikamsaidia kufunga sanduku kwa kamba. Ami alikaa majira ya baridi yale akitengeneza kila kitu kilichokuwa kizima. Ziwa lilipofunguka alitoka mara chache, akipiga hodi zake, na Bi Rukia kule Mombasa akiitikia usiku wao, lakini mwezi wa tano haukwisha, akauza mashua, akamfuata. GPS aliichomoa akaniachia. "Hiyo nyumba baki nayo wewe," akasema. Walikaa pamoja Kibokoni mpaka juzi. Mimi nilibaki, nikahitimu, nikaolewa, nikaachika, nikalea mtoto, nimefungua milango mingi mjini humu. Sijapata tena kuingia nyumba nikaulizwa kama nimekula kabla ya kuulizwa jina.

GPS iliwaka, siamini hadi leo. Mghanga alizisoma pointi akazihamishia kwenye simu yake, akiniuliza kila jina, na kwa mara ya kwanza aliyatamka kwa Kiswahili bila kusukumwa. Akakodi mashua. Tulitoka asubuhi, kwao Mombasa alasiri. BARAZA ina mashua nyingi siku hizi. Tukapita MLANGO, nikavua viatu. Mghanga akanitazama, kisha na yeye akavua. Tukawapita wakwe kwa mbali, nikawasalimu. Tulipotoka nje kabisa simu yake ikalia kuonyesha tumefika, na alipozima injini nikapiga Mombasa. Uso wa Ami Hamadi ulijaa kwenye kioo, mweupe ndevu, kofia yake ya sala imepinda.

"Mpo?" akauliza.

"Tupo, Ami. Ni hapa hapa."

Akakohoa, akaiweka kofia sawa. "Hodi," akasema.

Maji yalikuwa yakigonga ubavu wa mashua taratibu. Mghanga alinitazama. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, lakini chumba hakikuwa changu.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ile ile ya Jumamosi. Nikaisogeza simu karibu na maji, sijui ili iweje.

"Hodi, Rukia."

Tulisubiri. Sote watatu tulisubiri, yeye kule na sisi huku, na sikuthubutu hata kupangusa uso. Kisha nikamsikia akivuta pumzi.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ni tatu hizo. Turudi."